Anko tuambie: miwani za gemu za AR bei itashuka lini, na hiyo hasara nani anaibeba?

Wadau habari za mwezi. Boksi la maswali safari hii limejaa kitu kimoja tu, hizi miwani za AR, zile unavaa alafu unaliona zimwi limekaa kwenye kochi lako mwenyewe, na kochi ni lilelile na ukuta ni uleule unaodai rangi tangu mwaka juzi. Nimechagua maswali sita, mengine yamefanana nimeyaunganisha. Bei naziandika kwa dola kama zilivyotangazwa Marekani kifaa kilipotoka, na nikigeuza kwenda shilingi ya Tanzania napiga dola moja kwa 2,500 ili hesabu iwe nyepesi, we siku ya kununua piga kwa bei ya dola ya siku hiyo.

SWALI: Shikamoo anko. Mi niko Kinondoni, mwaka wa pili chuo. Ivi kwanini Apple Vision Pro ni dola 3,499 alafu Quest 3S ni dola 299 wakati zote unavaa usoni, unaona chumba chako na vitu vimeongezwa humo? Nani anatupiga hapa? Na nikisubiri miaka miwili mitatu si zitakua bei ya kawaida tu kama simu?

Marahaba mwanangu. Hapo bei ya kushangaza sio ile 3,499, ni hii 299. Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa bei hiyo, laki saba na nusu kasoro kidogo, na ndani kuna chipu, skrini, kamera, betri, na remote mbili za mkononi, yaani kompyuta kamili ya kuvaa kichwani kwa bei ya simu ya kati. Hivihivi haiwezekani. Inawezekana kwasababu Meta, wale wenye Facebook, ndo wanaoitengeneza na wanabeba hasara, kitengo chao kinachotengeneza hivi vitu kinaitwa Reality Labs, mwaka 2023 kilipoteza dola bilioni 16.1 na 2024 kikapoteza bilioni 17.7, sawa hiyo hela yote sio ya hedseti, yaani hivi vifaa vya kuvaa usoni, kuna utafiti na kuna miwani za Ray-Ban mulemule, lakini picha umeipata. Ni kama printa, unauziwa kwa bei ya kutupa alafu unakuja kukamuliwa kwenye wino. Ukishavaa hedseti yao uko ndani ya duka lao, ukinunua gemu wanakata asilimia 30 yao, na zaidi ya hapo Zuckerberg, bosi wa Meta, anaiwinda siku ambayo simu zitachoka, anataka kifaa kinachofata kiwe chake asiendelee kupiga hodi kwa Apple na Google.

Apple hawana presha hiyo. Toleo la 2024 walikuwekea pikseli milioni 23 kwenye viskrini viwili, chipu ya M2 ileile ya kompyuta zao, wakajumlisha gharama wakaweka na faida juu. Na ilipotoka Februari 2024 hata remote za gemu haikuwa nazo, unatumia macho na vidole, remote za PlayStation VR2 zilikuja kukubalika baadae 2025. Kwa mtu wa gemu hata usiilinganishe, ile ni skrini ya tajiri ya kuangalia muvi.

Kwahiyo mi nikiona bei ya hedseti siulizi imetengenezwa kwa shingapi, nauliza nani kakubali kula hasara ili inifikie. Ukiuliza hivo historia yote ya hivi vitu inakaa sawa. Chukua Magic Leap, kampuni ya Florida, ilianza 2010, Oktoba 2014 ikachangiwa dola milioni 542 na Google wakiwa mbele, 2016 wakaja akina Alibaba na karibu milioni 800 nyingine, na 2015 walitoa ile video maarufu ya nyangumi anaibuka kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo watoto wanashangilia, dunia ikachanganyikiwa, kumbe ile ni kazi ya mafundi wa video na wala haikupigwa kupitia miwani. Kifaa chenyewe kimekuja kutoka Agosti 2018, dola 2,295, karibu milioni tano na laki saba. Gemu zilikuwepo, ile ya kupiga maroboti yanayotoboa ukuta wa sebule yako ilikua nzuri kweli, ila nani anatoa dola 2,295 kwa ajili ya gemu tatu nne? Iliripotiwa kwamba miezi sita ya mwanzo waliuza kama 6,000 tu, wakati mwanzilishi wake aliwahi kuota milioni moja kwa mwaka. 2020 wakapunguza watu karibu 1,000, alafu Magic Leap 2 ikaja 2022 kwa dola 3,299 na safari hii inauzwa kwa mahospitali na viwanda, gemu hawazitaji tena.

Microsoft njia ileile. Juni 2015 walipanda jukwaani Los Angeles wakaonesha gemu ya Minecraft imeota juu ya meza kwa miwani yao ya HoloLens, ukumbi mzima ukapiga kelele, na Minecraft ilikua yao tayari, waliinunua 2014 kwa bilioni 2.5, yaani gemu wanayo na miwani wanayo na hela wanayo. Lakini HoloLens ya mwaka 2016 ilikua dola 3,000 na waliiuza kwa watengeneza programu, na HoloLens 2 ya 2019 ikawa 3,500 na wakasema wazi ni ya makazini. Jeshi la Marekani likaingia na mkataba wake. 2024 wakasimamisha uzalishaji. Hawakushindwa kuishusha bei kwasababu ya umaskini jamani, Microsoft! Waliangalia wakaona hiyo hasara haiwalipi.

Sasa kwanini miwani halisi ni ghali hivo, hili watu hawaelezwi. Kuna njia mbili za kukuwekea zimwi kwenye kochi. Ya kwanza ni ya HoloLens na Magic Leap, unaangalia chumba kwa macho yako kupitia kioo angavu, na kile kioo ndani kina vimichoro vidogo mno vinavyouongoza mwanga kutoka kwenye projekta ndogo pembeni mpaka kwenye jicho lako. Kukitengeneza ni shughuli, vingi vinaharibika kiwandani, mwanga mwingi unapotea njiani, na pamoja na gharama yote hiyo picha inakaa kwenye dirisha dogo tu mbele yako, HoloLens ya kwanza ilikua kama digrii 30 hivi kwa upana, ukigeuza shingo kidogo zimwi limekatwa kichwa. Njia ya pili ni ya Quest 3 na Vision Pro, umefunikwa macho kabisa, kamera za mbele zinapiga chumba chako na kukuletea kwenye skrini za ndani, zimwi linaongezwa humohumo. Skrini ni teknolojia ya simu, kamera ni za simu, chipu ni ndugu wa chipu ya simu, viwanda vipo tayari, kwahiyo bei inakubali kushuka. Kitu kinazidi nusu kilo usoni lakini picha imejaa.

Kuna waliopita uchochoro wakashusha bei bila kula hasara ya mabilioni, na hao mi nawaheshimu sana. Lenovo na Disney walitoa Jedi Challenges Novemba 2017 kwa dola 199.99, unachomeka simu yako ndani ya hedseti, simu ndo inafanya kazi yote, unapewa na mpini wa ule upanga wa mwanga, unapigana sebuleni. Gemu ilikua hiyohiyo moja na upana wa picha mdogo, watu wakaimaliza wakaiweka kabatini. Na Jeri Ellsworth, mama mmoja fundi aliyekua kampuni ya gemu ya Valve, wakamuachisha 2013 na wakamruhusu aondoke na ile teknolojia, akaanzisha castAR ikafungwa 2017, akarudi 2019 na Tilt Five, miwani ya dola 359 ambayo inatupa picha kwenye ubao maalum unaoirudisha mwanga palepale ulipotoka, kazi nzito inafanywa na kompyuta yako, kwahiyo kwenye miwani hakuna vile vioo vya mateso wala kompyuta, ni gramu chini ya mia na upana wa digrii 110. Kasoro yake, nje ya ubao hakuna kitu, zimwi linaishi mezani tu.

Kuhusu kusubiri. Usijipe uhakika kwamba bei za hivi vitu zinashuka tu. Quest 2 ilianza dola 299 mwaka 2020 na Agosti 2022 Meta wakaipandisha mpaka 399, kifaa kilekile kina umri wa karibu miaka miwili. PS5 nayo Agosti 2025 imeongezwa dola 50 kule Marekani, karibu miaka mitano tangu itoke. Alafu miwani nyembamba ya kweli, ile ya kuvaa mpaka kwenye daladala, iko mbali na mfuko wako: Meta walionesha Orion Septemba 2024, tamu kweli, ila iliripotiwa moja inagharimu kama dola 10,000 kutengeneza kwahiyo hawakuiuza, na ile Ray-Ban Display ya dola 799 ya 2025 ina kiskrini kwenye jicho moja tu cha digrii 20, hiyo ni ya kusomea meseji. Kinachonitia wasiwasi mi ni mbeba hasara kuchoka. 2024 Meta walifunga studio yao ya gemu ya Ready At Dawn, na mwanzoni mwa 2026 wakapunguza watu wa Reality Labs na kufunga studio nyingine za gemu. Hedseti inaweza kubaki rahisi alafu gemu mpya zikakauka, na we ulisubiri bei. Kama unaitaka na hela ipo na umeshaona gemu tano sita unazozitaka zilizopo leo, nunua leo. Kama unasubiri gemu zije, kaa na hela yako.

SWALI: Mkubwa nina kibanda cha PS Temeke, mashine nne, watoto wanajaa. Nataka kuongeza hedseti moja ya Quest nitoze kwa dakika. Itarudisha hela?

Kaka hongera kwa mashine nne. Tupige hesabu kwa sauti. Quest 3S laki saba na nusu ni bei ya dukani Marekani ilipotoka, ongeza usafiri, ongeza ushuru wa forodha, ongeza VAT ya asilimia 18 TRA wanakusubiri, au umlipe jamaa wa Kariakoo aliyeileta na faida yake, we jiandae na milioni moja na kitu. Tuseme unatoza elfu mbili kwa dakika kumi. Milioni moja ni wateja 500. Siku ukipata kumi ni siku hamsini, kwa karatasi sio mbaya hata kidogo.

Sasa njoo kibandani. Kwenye PS wanacheza wawili, sita wamesimama nyuma wanabishana na kusubiri zamu, hao sita ndo biashara yako ya kesho. Hedseti anacheza mmoja, wengine wanamuona mtu anapunga mikono hewani kama kapandwa na shetani, wanacheka dakika mbili wanaondoka. Inabidi uirushe picha kwenye TV kwa Wi-Fi, basi TV moja umeitoa kwenye PS. Betri ni masaa mawili na kitu, na kati ya mteja na mteja kuna kumvalisha, kumrekebishia mkanda, kumuelekeza vitufe, hizo dakika hakuna anayezilipia. Nafasi, wanashauri mita mbili kwa mbili mtu asipige kitu, we pima kibanda chako uone unatoa mashine ngapi kumpisha mmoja. Alafu jasho! Ile sponji ya usoni kwa joto la Dar mchana, mteja wa nne hataki kuivaa, nunua kava la silikoni la kufutika na uwe na vitambaa vya kufutia.

Na vitu viwili ambavyo wengi wanavijua baada ya kuharibu. Hedseti inajijua iko wapi chumbani kwa kutumia kamera, kwahiyo kibanda kikiwa na giza inaweza kupotea, na zile lenzi za ndani ukiziacha zinatazama jua, hata mwale mmoja unaopita kwenye tundu la bati, zinakusanya mwanga na kuunguza skrini, doa halitoki. Ikae kwenye boksi lake muda wote haijavaliwa. Na gemu nyingi leseni yake ni ya nyumbani, kutoza watu ni kitu kingine, soma masharti kabla hujabandika bango.

Mi ningekua wewe ningeongeza PS ya tano kibandani. Hedseti ningeinunua kwa kazi nyingine kabisa, bethidei za watoto, bonanza za mashule, maonesho kama Sabasaba, pale watu wanapita wapya kila saa na kila mmoja anataka kujaribu mara moja tu. Maana mteja wa hedseti anarudi mara moja mara mbili, yule wa mpira kwenye PS anarudi kila siku akitoka shule mpaka mama yake aje kumfata na fimbo.

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Niko Mombasa, kijana wangu ana miaka 9 anataka hii Quest kwa zawadi, babake yuko tayari kutoa. Bei nimeiona, kuna gharama nyingine zimejificha?

Waaleikum salaam dada. Ya kwanza ni umri, Meta wenyewe wanasema akaunti ya mtoto inaanza miaka 10 na inasimamiwa na mzazi, ya kujitegemea ni 13. Kwahiyo mwambie babake hela aiweke mwaka mmoja.

Gharama zipo. Ile 299 ni kama shilingi 38,600 za Kenya ukipiga dola kwa 129, bado ushuru na VAT ya asilimia 16. Gemu nzuri zinauzwa moja moja, nyingi kati ya dola 20 na 40. Zile za bure ndo uziangalie kwa macho mawili, Gorilla Tag kwa mfano ni bure kuingia, watoto wanakimbia kama masokwe kwa mikono, ila kofia na mapambo ya sokwe yanauzwa kwa hela halisi, na hiyo gemu imeshaingiza zaidi ya dola milioni 100, sasa imagini hizo hela zimetoka kwenye kadi za akina nani. Kadi yako usiiache imejiandika kwenye kifaa. Na humo ndani watoto wanaongea kwa sauti na watu wasiowajua, hilo ningelianza kabla ya hela.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, mimi niko Muscat, nina mtaji kidogo. Nafikiria kuchukua hedseti ishirini huku Ghuba nizilete Dar, huko najua hazipatikani madukani kirahisi. Soko lipo?

Ndugu yangu soko lipo ila ni dogo na lina haraka ya kukuumiza. Oman VAT ni asilimia 5 kwahiyo unanunua nafuu kweli, ila zikitua Dar ni asilimia 18 na ushuru wake, usiipige hesabu ya faida kwa bei ya Muscat. Ila hofu yangu kubwa ni mzigo kulala. Hizi sio friji. Quest Pro ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,499, Machi 2023 Meta wakaishusha mpaka 999, miezi mitano! Aliyekua na ishirini stoo alipoteza dola elfu kumi usiku mmoja bila kuuza hata moja. Quest 3 ya gigabaiti 512 nayo Septemba 2024 ilishuka kutoka 649 mpaka 499 kwasababu 3S ilikua inakuja. Meta akishusha bei yake kwa kubonyeza kitufe, we wa Kariakoo mteja wako anaiona palepale kwenye simu yake.

Lete kwa oda. Mtu anatoa nusu, unanunua, unaleta, anamalizia. Ukitaka ziada ya kuonesha basi mbili zinatosha. Warranti usiahidi, hizi kampuni huku hazina wakala rasmi, ikifa remote moja wewe ndo wakala.

Na kuna hizi miwani nyepesi za Xreal na ndugu zake, dola 400 mpaka 500 hivi, watu wanazipenda kwasababu zinafanana na miwani ya jua na unapata skrini kubwa mbele ya macho, kwa wanaocheza kwenye Steam Deck, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi, ni raha. Ila zinakula waya wa USB-C wenye kutoa video, na simu nyingi za bei ya kati zina tundu la USB-C lakini video halitoi. Mteja atanunua, atachomeka, giza, atakurudishia. Kabla hujachukua oda muulize anachomeka kwenye nini, taja simu yake kwa jina na hakikisha.

SWALI: Sasa mkuu. Mimi ni msichana dev hapa Nairobi, natumia programu ya Unity kutengeneza gemu. Kila mtu ananiambia AR ndio future. Niweke nguvu kwenye gemu za hedseti ama nibaki simu? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Poa dada, sikupaki. Gemu ya AR iliyoingiza hela nyingi kuliko zote haikuhitaji hedseti, ni Pokémon GO, Julai 2016, simu tu. Na cha kuchekesha wachezaji wengi walikua wanaizima ile kamera ya AR kwasababu inakula chaji na bila kamera unamkamata mnyama kirahisi zaidi, kilichowatoa watu ndani ni ramani na kutembea na kukutana, AR ilikua ya kupigia picha ya kuwatumia marafiki. Waliojaribu kuirudia wakidhani AR ndo siri waliumia, Harry Potter: Wizards Unite ya 2019 ilifungwa Januari 2022, na Minecraft Earth, jina kubwa kuliko yote duniani, ikafungwa Juni 2021, ilitaka watu watoke nje na corona ndo imewafungia ndani. Niantic wenyewe waliotengeneza Pokémon GO mwaka 2025 wakauza biashara ya gemu kwa kampuni ya Scopely, ambao wako chini ya Savvy ya Saudi Arabia, kwa dola bilioni 3.5, wakabaki na mambo ya ramani. Mtu anaeijua AR ya gemu kuliko mimi na wewe kauza gemu kabaki na ramani, hapo mi nimekaa chini nikatafakari.

Upande wa hedseti faida yake ni kwamba duka halijajaa, gemu yako inaweza kuonekana, na wenye hedseti wamezoea kulipa dola 20 kitu ambacho kwenye simu husikii. Ubaya ni kwamba majirani zako hapo Nairobi hawana kifaa, mchezaji wako yuko Marekani na Ulaya, na unategemea kampuni moja ambayo nimeshasema juu imeanza kufunga studio zake yenyewe. Snap, wale wa Snapchat, nao wana miwani ya AR ya kweli, walikua wanaikodisha kwa watengeneza programu dola 99 kwa mwezi na mkataba wa mwaka, betri dakika 45, hiyo ni hobi ya mtu mwenye mshahara.

Ushauri wangu, endelea kulisha tumbo na gemu za simu, alafu nunua Quest 3S moja iliyotumika ujifunze vitu viwili tu, jinsi gemu inavyokisoma chumba na jinsi mkono unavyoshika kitu ambacho hakipo. Hizo ndo kazi zinazotafutwa kwenye mafunzo ya viwandani na ya udaktari pia, na hao wanalipa kwa invoisi bila kusubiri watoto wabonyeze nyota tano. Na Unity unayoijua ndo hiyohiyo, hauanzi upya.

SWALI: Anko mshkaji ananiuzia Quest 2 laki nne, anasema ina AR pia. Nibebe?

Quest 2 inakuonesha chumba chako kwa rangi nyeusi na nyeupe, tena picha ya chengachenga, imewekwa ili usigonge meza tu. Gemu za kupiga mazimwi sebuleni zilizotengenezewa Quest 3 nyingi hazitakua na maana humo, na mpya zinaanza kuiruka kabisa. Kwa gemu za VR za kawaida, zile ambazo chumba chako hukioni kabisa, bado inapiga kazi, Beat Saber inaenda vizuri tu. Laki nne kubwa, mpe laki mbili na nusu, na kabla ya kutoa hela aifute yote na kuitoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, uiwashe, uingie na akaunti yako, ucheze dakika kumi na remote zote mbili uone kama kuna inayosogea yenyewe. Ziangalie na zile lenzi kwa tochi ya simu, alafu iwashe ioneshe picha nyeupe uikague skrini ya ndani. Ukiona doa la manjano au kistari kilichoungua, hiyo ililala juani, muachie mwenyewe.